Panama kwa Miguu

Sentensi iliyoninyima usingizi mwaka ule niliiandika mwenyewe, na hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Ilisema kwamba msafiri aliyefika kijiji cha Capurganá, kwenye pwani ya Kolombia, anaweza kuvuka mpaka kwa miguu, akapanda kilima na kushuka, akaoga baharini upande wa Panama na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeisoma katika maelezo ya watu wengi waliofika huko, nikaipanga upya kwa maneno yangu, nikaituma, nikalipwa. Sasa nilikuwa nimejilaza kwenye chumba cha nyuma, mjini Garissa, feni ikisukuma joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nikijiuliza kama mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akamtia mwenzake kaburini. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikiulizwa ni saa ngapi, hujiuliza kwanza kwa nini nimeulizwa mimi. Lakini swali lile halikuwa la kuwaza tu. Lilikuwa na jina, lilikuwa limelala chumba cha pili, na nilikuwa nikilisikia likikoroma.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu habaryar Sahra amefariki. Habaryar ndiyo tunavyomwita mama mdogo, na nyumbani kwake ndiko nilikokaa mwaka mzima baada ya kumaliza chuo, nikiwa na shahada ya utalii ambayo hakuna aliyejua niifanyie nini. Kwenye msiba wake wanawake walizunguka kila mmoja akieleza wema wake, na zamu yangu ilipofika nilisema kwamba hakuwahi kumnyima mtu maziwa. Ni kweli, na wote waliitikia. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo nilikuwa nikiona kitu kingine kabisa. Nilikuwa nikiona ile nyumba yenyewe: sebule isiyo na kiti hata kimoja, mikeka na mito mirefu kando ya kuta, pazia la zambarau lililotenganisha sebule na baraza, na jikoni madumu ya njano yaliyofukizwa moshi, yakingoja maziwa ya ngamia ya asubuhi. Harufu ile ya moshi ilikaa kwenye nguo zangu mwaka mzima. Nikienda benki au ofisi ya kaunti kuulizia kazi, niliogopa kwamba wananinusa. Labda walikuwa wakinuka hivyo hivyo na wao, maana nusu ya mji ule hunywa maziwa yale, lakini wazo hilo limenijia sasa hivi ninapoandika.

Kazi niliyoipata haikuwa ya ofisi. Mama mmoja wa Nairobi, nitamwita Bi Rosemary, alikuwa akiuza safari za Amerika ya Kusini kwa watu wenye uwezo, na alitaka mtu wa kumwandikia kuhusu vivutio vya Kolombia, kile ambacho mgeni hapaswi kukikosa. Nilimwambia mapema kwamba sijawahi kufika, tena kwamba sijawahi kupanda ndege. Akacheka kwenye simu. "Idil, hata mimi sijafika. Lakini mteja hataki kusikia inasemekana. Andika kama mtu aliyekwenda, akarudi na mchanga kwenye viatu." Kwa hiyo kila asubuhi, habaryar akiwa sokoni, nilikaa sakafuni na kompyuta juu ya mto, nikaandika kuhusu kuta kongwe za Cartagena na jinsi ya kutembea juu yake jua likishuka, kuhusu bonde la Cocora na mitende yake mirefu kupita mnara wa simu, kuhusu mto wa Caño Cristales, ambao miezi michache kwa mwaka mimea iliyo chini ya maji hugeuka nyekundu kama kitambaa kilichozama. Nje ya dirisha makorongo yalikuwa yametua juu ya mti wa jirani, makubwa, yenye vipara, yakitazama jaa la taka. Kilomita chache kutoka pale kulikuwa na twiga wanaotembea huru kando ya Mto Tana, na hakuna mtalii aliyekuja kuwaona, kwa sababu jina la mkoa wetu lilikuwa likiandikwa kwa wino mwekundu kwenye ushauri wa usafiri wa kila ubalozi. Kolombia nayo iliwahi kuogopwa hivyo. Nilipolisoma hilo nilipata matumaini ya ajabu, kisha hofu, kwa kuwa sikujua ni nini kilichobadilika huko, nchi au maandishi.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, habaryar alikuwa akirudi na madumu matupu, anavua viatu, anakaa na birika la chai ya maziwa yenye iliki, na kuniambia nimsomee nilichoandika. Nilimtafsiria kwa Kisomali kadiri nilivyoweza. Sijawahi kupata msomaji mkali kama yeye. Mitende ya Cocora aliikataa palepale. Mti mrefu hivyo usio na kivuli, alisema, ni nguzo tu iliyojisahau. Kanisa la Zipaquirá, lililochongwa chini ya ardhi ndani ya mgodi wa chumvi, lilimfurahisha kwa sababu nyingine kabisa. "Ngamia wangu wakiingia humo," akasema, "watalamba ukuta hadi wamfikie padri." Nilipomsomea kuhusu rasi ya La Guajira, jangwa linaloingia baharini, ambako Wawayuu wanafuga mbuzi na mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, aliweka kikombe chini. Aliuliza mbuzi wao ni weupe au wa rangi. Aliuliza maji wanayatoa wapi. Kisha akasema kwamba huko yeye angekuwa mkuu wa nyumba kwa sheria, si kwa sauti tu kama hapa. Na nilipomwambia kwamba katika mji wa Maicao, karibu na huko, kuna msikiti mkubwa uliojengwa na wafanyabiashara Waarabu, alisema mashallah mara mbili, na tangu siku hiyo Kolombia ikawa nchi ya watu.

Ndiye aliyenipa jina la sahan. Habaryar alikulia kwenye ufugaji, upande wa Kutulo, na alikuwa akieleza kwamba familia zilipotaka kuhama zilimtuma mtu mbele kutafuta malisho na maji. Mtu huyo huitwa sahan. Alikwenda peke yake, na aliporudi hakuulizwa kama amechoka. Alipewa maziwa, watu wakamzunguka, na kila alichosema kilipaswa kuanza na nimeona au nimesikia. Akisema nimesikia, watu walikunywa chai na kungoja. Akisema nimeona, wanawake walianza kubomoa nyumba na kuzifunga juu ya ngamia siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeshuku kwamba mtu anaweza kusema nimeona na hajaona, maana alikuwa akihama pamoja nao, na kama maji hayapo hata wanawe wangekufa kiu. "Wewe ni sahan wa kwanza kupeleleza nchi amelala kwenye mto," habaryar aliniambia, na tulicheka wote. Mahad pia alicheka. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na pazia, simu mkononi, na nilidhani hasikilizi.

Mahad alikuwa mwanawe wa pekee, tumelingana umri. Aliniita abaayo, dada, nami nilimwita kaka, na tangu utoto alikuwa ndiye anayenivusha barabara. Alikuwa amefanya kazi ya utanboi, kumsaidia dereva, kwenye malori ya maji kule Dadaab hadi mkataba ulipoisha, na tangu hapo alikuwa akishinda na wenzake kwenye kibanda cha chai karibu na soko la mifugo. Alipoanza kuniuliza maswali nilifurahi. Hakuna mtu wa rika langu aliyekuwa ameonyesha kuijali kazi yangu. Aliuliza kile kijiji kisicho na magari, Capurganá, watu hukifikiaje. Nikamwambia kwa boti, kutoka mji wa Necoclí, ng'ambo ya ghuba. Aliuliza kama boti huenda kila siku. Siku nyingine aliuliza kama askari hukagua abiria, na siku nyingine tena kama kuna baridi. Nilijibu kila swali kwa ukamilifu, kwa sababu mtu mwenye hofu hupenda sana maswali yenye majibu. Halafu jioni moja akauliza nyuma ya kijiji kuna nini. Msitu, nikasema. "Na msitu unaishia wapi?" Nilifungua ramani ili nimwonyeshe, na kidole changu kikasimama. Nilimtazama. Alikuwa akiitazama ramani jinsi madereva wanavyoitazama, bila kuona rangi zake, njia tu.

Kwetu safari ile ina jina, tahrib. Ni kijana kuondoka kimya kimya, kupita nchi baada ya nchi mikononi mwa watu asiowajua, na kupiga simu kwa mama yake akiwa tayari yuko mbali. Zamani walikwenda kaskazini, kupitia jangwani na baharini. Mwaka ule tulianza kusikia wengine wanakwenda kwa ndege upande ule wa pili wa dunia, kisha wanapanda kwa miguu kuelekea Marekani. Niliyajua hayo jinsi unavyojua kwamba kuna simba. Siku chache baadaye nilikuwa sebuleni nikikunja nguo, na Mahad alikuwa barazani, nyuma ya pazia, na rafiki yake mmoja wa kibanda cha chai. Walizungumza Kisomali kilichochanganywa na Sheng, kwa sauti ya chini. Rafiki alisema amesikia msitu ule unameza watu. "Hao ni wale wanapitia kona mbaya," Mahad akajibu. "Sista yangu anaijua hiyo nchi yote. Ni kilima moja tu, bro. Unapanda, unashuka, uko Panama. Watalii wanaenda na kurudi kabla ya lanchi." Rafiki akauliza, una hakika? Na Mahad akasema, kwa ile sauti ya kujivunia mtu wake, "Ameandika. Huyo ndiye sahan wetu."

Niliendelea kukunja ile shuka hadi ikawa ndogo kama leso. Kisha nilifunga mlango wa chumba changu na kusoma yale ambayo sikuwa nimeyaandika, kwa kuwa hayakuwa vivutio. Ile njia ya watalii inaishia kwenye ufuo mdogo, mzuri sana, na baada ya ufuo hakuna barabara. Kuna Darién, msitu mzito wa milima na matope, mito inayofura ghafla mvua ikinyesha mbali, watu wenye bunduki wanaongoja wapita njia, na wenye vifundo vilivyoteguka wakiachwa wamekaa kando wakiwatazama wenzao wakipita. Nilitazama video ambayo mtu alikuwa akitembea na kamera ikitazama chini, na kwenye matope palikuwa na kiatu cha mtoto, halafu cha pili. Nilizima. Nilikuwa nimekisifia kijiji kile kwa moyo wote. Nilikuwa nimeandika kuhusu samaki wa kukaanga na wali wa nazi, na rangi ya maji. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa si kweli, na lile lililobaki lilikuwa linaanza pale pale wimbi linapoishia.

Nilimpigia Bi Rosemary, nikamwomba niongeze aya moja ya onyo. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba wateja wake wanarudi hotelini kula samaki, hawaendi msituni, na kwamba tunauza likizo, mpenzi, hatuuzi hofu. Tulibishana kidogo, kadiri ninavyoweza kubishana, na mwishowe aliniruhusu niongeze sentensi inayowashauri wasafiri kuvaa viatu vya kufunga. Niliiandika. Niliisoma mara nyingi sana siku ile, nikiwazia Mahad akiisoma na kwenda sokoni kununua viatu.

Nilizungumza naye nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, alipokuwa akiosha miguu kwa ajili ya sala. Nilimwambia sijafika kule. Nilimwambia nilichokisoma, nikaeleza mito, matope, bunduki, yote, nikijikwaa kwenye maneno, na nilipofika kwenye viatu vya mtoto alikuwa akitabasamu. "Abaayo, wewe uliogopa lifti Nairobi. Ulipanda ngazi wiki nzima." Nikasema hii ni tofauti. "Uliogopa twiga. Tulikupeleka kuona twiga, ukabaki ndani ya gari. Ukiniambia moto unachoma, itabidi niuguse nione." Hakuwa akinidhihaki kwa ubaya. Alikuwa akisema kweli, na ndipo nilipofahamu jambo ambalo bado linanitisha kuliko yote ya mwaka ule: kwamba nilikuwa nimeitumia hofu yangu yote kwa vitu vidogo, mwaka baada ya mwaka, mbele ya watu hawa hawa, na sasa nilipoihitaji hakuna aliyeweza kuitambua. Kengele inayolia kila siku haiamshi mtu. Nikamwuliza kwa nini. Alifunga bomba. "Nangoja nini hapa? Lori la maji? Mama bado ananinunulia sabuni, Idil." Halafu tabasamu likamtoka. "Ukimwambia mama nitaondoka saa hiyo hiyo, bila hata kujiandaa. Na atajua ni wewe uliyenifukuza." Akaenda kusali.

Sitaeleza yote niliyoyawaza baada ya hapo, kwa kuwa hayakuwa na mwisho. Nikisema, ataondoka haraka zaidi, bila nguo, bila watu aliojipanga nao, na kosa litakuwa langu. Nisiposema, ataondoka kwa mpango wake, na kosa litakuwa langu. Huenda habaryar anajua tayari. Huenda ndiye anayemlipia, maana wako kina mama wanaouza ngamia kwa ajili hiyo na kuomba dua mchana kutwa. Huenda hataenda kamwe, vijana wa kibanda cha chai huhamia Ulaya kila Jumatatu na kurudi nyumbani kula jioni. Nilimtazama habaryar akipiga unga wa anjera, akimimina kwa mzunguko kwenye kikaango, na nilitafuta usoni mwake dalili ya kujua. Niliona jasho tu. Chakula kilinishinda. Habaryar alidhani nina malaria, akanipikia supu ya mbuzi yenye ndimu na kusimama juu yangu hadi nikaimaliza, na kila kijiko kilinishtaki.

Kulikuwa na jirani yetu, Mama Zakariya, aliyekuwa akija karibu kila mchana kuchaji simu. Kwake kulikuwa na umeme. Alikuja kwetu kwa sababu aliogopa soketi ya kwake inaweza kuzimika akiwa amelala. Mwanawe alikuwa amekwenda njia ya kaskazini, muda mrefu kabla sijarudi kutoka chuo, na alikuwa amepiga simu mara ya mwisho kutoka mahali penye kelele za bahari. Baada ya hapo walipiga watu wengine wakitaka pesa, na baada ya pesa hakupiga mtu yeyote. Mama Zakariya hakulia mbele yetu hata mara moja. Alikula nasi, alicheka maneno ya habaryar, alikuwa fundi wa kuiga sauti za wanasiasa wa kaunti. Simu tu ndiyo iliyokaa kando ya sahani yake, kioo juu, na alikuwa akila kwa mkono mmoja ili mwingine ubaki safi.

Kisha Mahad akawa mwema. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hakuishi pale, ila kina mama wa mji ule wanaijua dalili hiyo na kuiogopa kuliko homa. Alibeba madumu ya mama yake hadi sokoni. Alirekebisha bomba la jikoni ambalo lilikuwa limevuja tangu nifike. Alimpa mtoto wa jirani mpira wake, akanyoa nywele, na siku ya Alhamisi alileta nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa kwa mafuta, kopo zima, bila kuombwa. Habaryar alimcheka, akamwuliza ni binti wa nani aliyemtengeneza hivyo. Nilicheka pia. Nilisikia kicheko changu kikitoka kama cha mtu mwingine aliye chumba cha pili.

Ijumaa ile alirudi kutoka msikitini mapema. Kwa kawaida Ijumaa alikula na wenzake, nje, na sisi wanawake tulikula peke yetu. Siku hiyo alikaa nasi kwenye mkeka. Habaryar alikuwa amepika wali wa nyama ya mbuzi, wenye zabibu na mdalasini, ndizi mbivu kando na pilipili ya kusaga kwenye kibakuli, na sinia moja kubwa katikati yetu sote wanne, mimi, yeye, Mahad na Mama Zakariya. Walizungumza kuhusu bei ya majani ya mifugo. Mahad alikata nyama iliyo laini na kuisukuma upande wa mama yake kwenye sinia, mara moja, mara mbili. Kisha akasema, kama mtu anayetania, akiwa anatazama wali, "Hooyo, nisamehe kwa yote niliyokukosea."

Kwetu mtu huomba radhi hivyo kabla ya safari ndefu. Habaryar alitafuna, akameza, akamwuliza kama anakwenda Hijja au ameiba mbuzi wa mtu. Alikuwa anacheka. Mama Zakariya hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna, na ule mkono wake safi ulikuwa umeifunika simu.

Nilijiambia ningoje amalize kula. Nilijiambia nimwite habaryar jikoni, nimnong'oneze, nimwache yeye aamue. Nilijiambia kwamba huenda radhi ile ni mzaha kweli. Nilikuwa na sababu nyingine nyingi zimejipanga nyuma ya hizo, na niliziona zote zilivyo, kundi zima, zikiningoja nizichunge hadi jioni. Mahad akainua macho na kunitazama. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiomba.

"Mahad anasafiri," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo hivi kwamba nilidhani hakuna aliyesikia. "Idil," Mahad akasema polepole, "nyamaza."

"Mwache aseme," Mama Zakariya akasema. Hakumtazama. "Mimi walijua wote. Aliyenunua pikipiki ya mwanangu alijua. Hakuna aliyeniambia."

Basi nikasema. Sikusema vizuri, nilirudi nyuma mara nyingi na kuanza upya. Nilisema ni Kolombia, ni boti, ni msitu. Nilisema kilima kile cha watalii ni kweli kipo, na kwamba hakimpeleki mtu popote. Nilimgeukia Mahad nikamwambia mbele ya mama yake kwamba sijawahi kuiona nchi ile, hata mti wake mmoja, kwamba niliandika kama niliyefika kwa kuwa niliambiwa niandike hivyo, na kwamba asitembee juu ya maneno yangu maana hayatambeba. Machozi yalikuwa yakinidondoka kwenye wali. Sikuyafuta, mkono wangu ulikuwa na mafuta.

Habaryar hakupiga kelele. Aliuliza neno moja, lini. Mahad akasema leo, baada ya alasiri. Habaryar akatikisa kichwa kama aliyetajiwa bei. "Kula," akamwambia. "Chakula hakina kosa." Naye akanawa mikono, akakausha kila kidole kwa ncha ya shali yake, akatoka sebuleni. Tulidhani amekwenda kusali. Nilipotoka kumtafuta nilimkuta mlangoni, kwenye ule mlango wa chuma unaotoka uani kwenda barabarani, ambao ndio mlango pekee wa nyumba ile. Alikuwa amekaa chini, juu ya kizingiti, mgongo kwenye nguzo, miguu ameinyoosha kukatiza njia.

Baada ya alasiri Mahad alikuja na begi dogo mgongoni. Nje, bodaboda ilikuwa imekuja kumchukua, injini ikiwa inanguruma. Alisimama mbele ya miguu ya mama yake. "Hooyo, nipishe."

"Sijakukataza kwenda," habaryar akasema. "Niruke."

Kwetu huruki hata mtoto aliyelala mkekani. Mama yako hata kwa ndoto humruki. Mahad alivuta pumzi, akatazama angani, akatazama begi lake, akaita tena, hooyo, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo. Habaryar alikuwa akitazama mbele, barabarani, kana kwamba anangoja mteja. Alikuwa mwanamke mwembamba, na mlango ule ulikuwa mpana, wa mabawa mawili, uliotengenezwa ili punda wa maji apite na mzigo. Mbele ya nyayo zake, hadi kwenye nguzo ya pili, ilibaki nafasi ambayo mtu angeweza kupita akijibana. Mahad aliiona. Niliona kwamba ameiona. Bodaboda ikapiga honi.

Niliondoka ukutani nilipokuwa nimesimama. Nilipita nyuma ya Mahad, nikainama, nikaketi kwenye ile nafasi, mgongo kwenye nguzo ya pili, na nikainyoosha miguu yangu hadi ikakutana na ya habaryar.